Teke la Shemeji

Shemeji yangu alikuwa na mguu. Sisemi miguu ya kutembelea, hiyo hata kuku anayo. Nasema ule mguu wake wa kulia, uliokuwa na akili yake na hasira zake. Alikuwa akikaanga samaki nje ya nyumba yake kule Kiseke, Mwanza, mikono yote miwili iko kwenye karai la mafuta, paka akisogea tu, mguu unatoka wenyewe. Niliwahi kumwona paka mmoja akiruka uzio wa jirani, akapita juu ya mpapai, na kwa ninavyojua mimi alitua Pasiansi na kuanzisha ukoo huko.

Na mimi nimelionja teke hilo. Mimi ni mdogo wa marehemu mume wake, na kwetu Usukumani shemeji wa namna hiyo ni mtani wako wa kufa na kuzikana. Nikifika kwake sikuwa namsalimia kama watu. Nilisimama kando ya karai nikasema, "Shemeji, hawa samaki umewakaanga, au umewazika ukawafukua?"

Naye alinijibu bila kugeuka. "Mume wangu mdogo, kaa ule. Usije ukafa na njaa nikalazimika kukulilia, na mimi nina kazi."

Nikizidisha, teke.

Asubuhi moja akaanguka hapohapo kando ya karai. Jirani ndiye aliyeuzima moto. Hospitali walisema ni kiharusi, na kimepiga kwenye shina la ubongo. Kidato cha nne nilikipata kwa masomo ya jioni, nikiwa na ndevu tayari, darasani kukiwa na bibi mmoja aliyekuwa akija na mjukuu mgongoni, na kwenye baiolojia niliuchora ubongo vizuri mpaka mwalimu akataka kuuchukua akaubandike kwake sebuleni. Kwa hiyo nilielewa haraka kuliko wengine, na kuelewa haraka hakukunisaidia kitu. Mimi ni fundi wa mota. Niliwaeleza ndugu hivi: umeme upo ndani ya nyumba, taa zinawaka vyumba vyote, ila waya wa kutoka nje umekatika. Ukisimama barabarani unaona giza, unasema hakuna mtu.

Hata hivyo hilo la taa kuwaka ndani nilikuwa nalisema kwa kubahatisha, kuwafariji. Hakuna aliyejua. Alilala chali, macho yamefunguka nusu, yanaelea kama ya mtu anayesinzia kanisani. Mkono haukwenda, ulimi haukwenda, na ule mguu nao ulilala juu ya shuka kama mguu wa mtu mwingine. Daktari alimwambia apepese jicho. Mara lilipepesa, mara halikupepesa, na lilipepesa hata pale ambapo hakuna aliyemwambia.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye kwa kuwa ni wa kaka yangu ni mwanangu pia. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Alihamia kwa mama yake na mumewe ili wamuuguze, na hapo pakawa na ugumu ambao mtu wa kwingine asingeuona. Mkwe na mama mkwe kulala chini ya paa moja, kwetu, ni jambo zito. Hawapeani mikono. Hawali sahani moja. Mkwe hamwoni mama mkwe kichwa wazi, na mwili wake hautaji hata kwa mafumbo. Huyu kijana ni karani wa benki pale Nyamagana, mtu mpole ambaye hata simu anaiomba radhi kabla ya kuikata. Akachukua chumba cha uani. Mgonjwa akawekwa sebuleni nyuma ya pazia, na kijana kila alipoingia alipiga hodi, akasimama upande wa pili wa pazia na kuongea akitazama ukuta.

Nesi aliwaonya kitu kimoja kabla hawajaondoka hospitali. "Mgeuzeni mara kwa mara, mchana na usiku, kama chapati. Asilale upande mmoja. Akipata kidonda cha kulalia mtanikumbuka."

Wakamgeuza. Mwanangu akitoka shuleni, majirani wakipokezana, hata mimi nikipita nilishika miguu. Niliinyanyua nikasema, "Shemeji, leo ndiyo siku yangu ya kulipiza." Uso wake haukubadilika. Ilikuwa kama kutania ukuta, ila ukuta haukuwahi kunipikia.

Halafu hospitali kubwa ikapata mradi wa kofia.

Nimeiona kwa macho yangu hiyo kofia, naweza kuieleza. Ni kama ile wanayovaa watu wa kuogelea, ila imejaa vidude vya duara, kila kidude na waya wake, na kila duara linapakwa jeli ili lishike vizuri kwenye ngozi ya kichwa. Ubongo ukifikiria kitu, umeme mdogo unatembea, kofia inauokota na kuupeleka kwenye kishikwambi. Binti mtaalamu aliyekuja nayo, mwembamba, sauti ya chini, alimwinamia shemeji sikioni akamfundisha.

"Mama, ukitaka kusema ndiyo, fikiria unakunja ngumi. Kunja kwa nguvu, hata kama mkono hauendi. Ukitaka kusema hapana, fikiria unapiga teke."

Nikacheka kwa sauti, watu wakanigeukia. Nikasema huyu binti ametumwa na Mungu, maana kumwambia shemeji yangu apige teke ni sawa na kumwambia samaki aogelee.

Alimzoesha kwa siku kadhaa, mashine ikijifunza. Kisha akauliza, "Mama, wewe ni mwanamke?"

Tulisubiri. Kwenye kishikwambi ikawaka taa ya kijani.

"Mama, wewe ni samaki?"

Nyekundu.

Mwanangu alikaa sakafuni palepale. Mimi nililia mpaka majirani wakaanza kuleta viti wakidhani ni msiba. Kwa hiyo alikuwepo! Muda wote ule alikuwa ndani, taa zote zinawaka, anatusikia tukimwongelea kama vile hayupo. Nilijaribu kukumbuka yote niliyoyasema kando ya kitanda kile, nikaona bora nisikumbuke.

Mtaalamu akaacha kofia nyumbani, na akaacha masharti. Mwulizaji awe mtu mmoja, sauti ileile, maswali yaleyale asubuhi na jioni, ili mashine isichanganyikiwe. Maswali yenyewe yalikuwa ndani ya kishikwambi: kuhusu usingizi, kiu, moyo, na maumivu sehemu mbalimbali za mwili. Mwanangu na mumewe wakatazamana. Mwanangu alikuwa anatoka alfajiri kwenda kufundisha, na vishikwambi vinamkataa. Mumewe ndiye aliyevijua. Hakuna aliyeinua mkono kusema ngoja kwanza, huyu ni mkwe. Wote tulikuwa tumelewa furaha. Mwanangu angevalisha kofia, kwa kuwa kichwa cha mama ni chake kukishika, na mumewe angekaa nyuma ya pazia na kishikwambi magotini, aulize.

Mimi nikaenda Sengerema, msimu wa mpunga, kufunga mota kwenye vinu. Nilikaa huko muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa sababu mota za Sengerema zote ziliungua kwa pamoja kana kwamba zilikubaliana kwenye kikao.

Mwanangu alikuwa ananipigia simu. "Baba mdogo, shikamoo. Mama hajambo! Kila swali anajibu kijani. Amelala vizuri, kijani. Moyo wake una amani, kijani. Mwili uko salama, kijani. Tukamuuliza kama akilala chali ni sawa, akasema sawa, siku hizi hatumsumbui kumgeuzageuza."

"Na mimi je, ananikumbuka?"

"Hilo hatujauliza, baba mdogo. Halimo."

Nilitangaza habari hizo Sengerema nzima. Niliwaambia wakoboaji wa mpunga kwamba Mwanza sasa kuna kofia inayosoma roho, kwamba shemeji yangu ambaye hawezi kuinua ukope anaongea kuliko diwani. Baadhi walitaka kuja kuiazima wawavalishe wake zao. Niliamini kila neno nililosema. Mimi ni mtu ninayeamini kitu chochote chenye waya.

Nilirudi Jumamosi moja asubuhi. Nilipofungua mlango wa Kiseke, kabla sijasema hodi, pua yangu ilisimama. Harufu ile naijua. Ng'ombe wa baba alipokuwa na kidonda chini ya kwato, zizi lilikuwa na harufu hiyo. Humo ndani walishaizoea, imewaingia polepole, na waliwasha udi wa mbu.

Kijana alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya pazia, kishikwambi magotini. Alisimama. "Shikamoo baba mdogo. Karibu. Mama hajambo, tumetoka kumuuliza sasa hivi."

Kofia ilikuwa bado kichwani. Mwanangu alinisogezea kigoda kando ya kitanda. Shemeji alikuwa amekonda, ila hilo nililitegemea. Sikulitegemea jasho lililokuwa juu ya mdomo wake, dogodogo, na nje kulikuwa na upepo wa ziwa.

Sikujua nianzeje. Tangu augue nilimtania kama mtu anayetania ukuta, na sasa nilijua kwamba ananisikia. Nikaona nifanye kama zamani.

"Shemeji," nikasema, "unanuka kama sangara wa juzi. Huyu mkwe wako anakuosha na maji ya betri?"

"Baba mdogo!" akasema mwanangu.

"Nyamaza, naongea na mke wangu mkubwa. Shemeji, nimekuja kukuchukua tuondoke. Nitakuoa, nikupeleke Sengerema ukapepete mpunga. Unakubali? Kama hukubali nipige teke. Nipige kama yule paka!"

Nyuma ya pazia kijana akavuta pumzi kwa nguvu. "Baba mdogo. Nyekundu."

"Nini?"

"Imewaka nyekundu. Haijawahi kuwaka tangu mtaalamu aondoke. Nilidhani imeungua."

Nikaangua kicheko, na machozi yakawa yananitoka pia. Shemeji amenipiga teke! Nikamwita tena. "Shemeji, chakula cha huyu binti yako kitamu?" Nyekundu. "Unapenda hizi nyimbo za redio wanazokuwekea kutwa?" Nyekundu, upesi, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo. Mwanangu naye akaanza kucheka akijifuta macho. Tukawa kama watu wa harusini. Halafu nikasema, bado nikicheka, "Na hiyo harufu, shemeji? Matako yako yana nini? Yanauma?"

Kijani.

Nikainama sikioni kwake. "Yanauma sana?"

Kijani.

"Yameanza jana?"

Nyekundu.

Tulimgeuza. Sitaieleza sana. Juu ya mfupa wa mkiani palikuwa na shimo ambalo ungeweza kuingizia yai, na kando yake ngozi ilikuwa nyeusi tofauti na weusi wake, imelainika. Nimefungua mota zilizoungua, nimeona panya aliyekaukia ndani ya feni, na nilitoka nje nikashika ukuta.

Nikiwa nje nilisikia wanavyoongea ndani, na hawakuwa wanagombana, ndiyo maana ilikuwa mbaya zaidi.

"Niliona pameiva kidogo," mwanangu alikuwa anasema. "Nikakwambia muulize kama anaumia."

"Nilimuuliza."

"Ulimuulizaje?"

Nikasikia kiti chake kikiburuzwa.

"Nakuuliza, mume wangu. Ulimuulizaje?"

"Kwenye mashine imeandikwa una maumivu mgongoni, kiunoni au makalioni." Sauti ya yule kijana ilikuwa ndogo kama ya mtoto aliyefichwa kabatini. "Ningetamka vipi neno hilo kwa mama? Nilimwambia, mama shikamoo, mwili wote uko salama? Akasema ndiyo. Kila siku alisema ndiyo."

Na kweli alisema ndiyo. Angesema nini? Niliwaza hapo ukutani, na nimewaza tangu hapo. Mkwe wako amekaa nyuma ya pazia, amekusalimia kwa heshima, anauliza kama uko salama, na ili umjibu hapana inabidi umpige teke. Mwanamke wa Kisukuma aliyelelewa akaleleka ampige teke mume wa mwanae? Hata kwa kufikiria tu? Na hata pasingekuwa na teke, ni nani kati yetu akisalimiwa asubuhi anaanza na vidonda? Unaulizwa habari, unasema nzuri. Mtu anatoka kuzika, unamuuliza habari za huko, anakwambia nzuri, halafu ndipo anasema, ila tumempoteza fulani. "Nzuri" inatangulia, "ila" inafuata nyuma. Kofia ile ilikuwa na kijani na nyekundu. Shemeji alisema nzuri yake kila asubuhi na kila jioni, akasubiri pa kusemea "ila", na kijana akasema asante mama, akazima mashine, akaenda kazini.

Hospitali walisafisha kidonda, wakakata nyama iliyokufa, wakampa dawa kali. Yule binti mtaalamu alikuja wodini akiwa amebeba kompyuta yake, akasimama mguuni mwa kitanda bila kuketi. Aliniambia, "Baba, kwenye ripoti zetu huyu ndiye alikuwa mgonjwa mwenye furaha kuliko wote." Nilitaka kumfanyia utani, na mimi sijawahi kukosa utani hata kaburini, lakini sikuupata. Akasema wanaweza kubadilisha, hapana isiwe teke, iwe labda kufikiria kuimba. Nikamwambia abadilishe. Nikamwambia pia kwamba kabla ya kuchagua mwulizaji waulize kwanza yeye ni nani kwa mgonjwa. Aliitikia kwa kichwa, akaandika kitu, sijui alichoandika.

Tangu hapo mwulizaji nikawa mimi. Shemeji alikataa kuimba. Mashine ilisoma vizuri zaidi kwa teke, kwa hiyo likabaki. Na kwangu aliendelea kuwa mtu yuleyule. Nilijua akiwa na kiu, akichoka, akitaka redio izimwe. Siku za mwanzo tulidhani tumeshinda.

Kidonda hakikukubali kufunga. Homa ikawa inapanda jioni, kisha ikawa haishuki asubuhi. Daktari wa upasuaji, mzee mnene mwenye miwani ya kamba, akatuita kando ya kitanda makusudi, ili shemeji asikie. Akasema ugonjwa umeingia kwenye mfupa. Wanaweza kukata tena, na zaidi, safari hii kuchonga na mfupa wenyewe. Kwa hali yake anaweza asiamke kwenye dawa ya usingizi. Akiamka, itakuwa maumivu ya miezi, na huenda wakakata tena. Wasipokata, ni dawa tu, na muda.

"Akili yake nzima," akasema. "Nimeona hapa inavyowaka. Siwezi kuwauliza ninyi. Aulizwe yeye."

Mwanangu akaniangalia. Kijana alikuwa amesimama nje ya mlango wa wodi, mgongo kwetu, kishikwambi safari hii kilikuwa kwa mtaalamu.

Nilipiga magoti kwenye sakafu ile ya hospitali. "Shemeji," nikasema, "umemsikia mzee. Anataka akuchonge kama kinyago, akakuuze kwa watalii. Twende ukakatwe?"

Nyekundu.

"Muulize vizuri," mwanangu akasema. "Umemchokoza. Muulize bila mzaha."

Nikauliza bila mzaha, jambo ambalo kwangu ni kama kutembea uchi. "Shemeji. Unakubali wakupasue tena?"

Nyekundu.

Mwanangu akanisukuma bega, si kwa nguvu. Akachukua nafasi yangu pale chini, akashika ule mkono uliolala. "Shikamoo mama," akasema. "Mama, ni mimi. Mama utakubali wakutibu, ee? Upone urudi nyumbani. Utakubali, mama?"

Ikachukua muda. Kisha ikawaka kijani.

"Umeona?" akaniambia, uso umemchangamka. Akamgeukia daktari. "Amekubali! Daktari, amekubali."

Daktari alivua miwani. Alimtazama mtaalamu, mtaalamu akatazama kompyuta, akasema kwa sauti yake ya chini kwamba majibu yote ni safi, mashine haina tatizo, ndiyo ni ndiyo na hapana ni hapana. Tukabaki hivyo. Kichwa ni kimoja, kofia ni moja, dakika ni ileile, na mwanamke mmoja amesema kwangu hapana na kwa mwanae ndiyo.

Ningeweza kunyamaza. Daktari alikuwa tayari kumwamini mtoto kuliko mimi shemeji tu. Lakini nilimfahamu mtu yule tangu akiwa bi harusi, na nilijua anavyokula ugali ulioungua kama aliyeupika ni mwanae. Nilirudi kupiga magoti.

"Shemeji, nisikilize. Hiyo 'ndiyo' uliyompa mtoto, umempa kwa sababu unataka? Au umempa asilie? Kama umempa asilie, kunja ngumi."

Mtaalamu aligeuza kompyuta ili mwanangu aone mwenyewe.

Kijani.

Mwanangu alisema mashine imechoka. Alisema nimeuliza kwa kona. Alisema watu wa masomo ya jioni tunajifanya tunajua kila kitu, na hapo alikuwa amesema kweli. Kisha akatoka akapita mbele ya mumewe bila kumwona, na nilimwona dirishani amesimama uani kwenye jua kali, viatu mkononi, sijui alivivua saa ngapi.

Tuliikubali kijani kila siku wakati inatufurahisha. Ile moja tukataka kuitafutia fundi.

Alirudi baada ya muda mrefu. Hakuuliza tena kofia. Alimfunga mama yake kitambaa cha kichwa juu ya zile nyaya, taratibu, kama anamtayarisha kwenda kanisani, akamwambia daktari, "Tunakwenda nyumbani." Mlangoni mumewe akamwambia, "Mama anasemaje?" naye akamjibu, "Mama amepiga teke." Kijana akainamisha kichwa. Nadhani aliona aibu na nafuu kwa pamoja.

Siku hizi nasikia redioni wataalamu wakisema kofia hizi zitakuja majumbani. Zitajua mtu ana huzuni kabla hajajua mwenyewe, zitamlaza asiyelala, zitamwita daktari kabla ya kifafa. Mjini pale kuna duka limeshaweka dirishani mkanda wa kichwa wa kupima utulivu, vijana wanajipima wakiwa kwenye foleni na kushindana nani mtulivu. Naamini yote. Nilimwona mtu aliyekuwa amezikwa ndani ya mwili wake akifukuliwa kwa taa mbili, sitakubali mtu aniambie ni uongo. Lakini kila nikisikia habari hizo naona lile pazia la Kiseke, na kijana mwenye adabu amekaa nyuma yake akitazama ukuta.

Nyumbani tulimgeuza mchana na usiku, kama chapati, bila kumuuliza kama anapenda. Mwanangu alikagua ngozi yake kwa vidole, kwa macho, kwa pua. Kijana alichota maji, akafua mashuka yale, yote, kwa mikono yake, na hakuna mkwe katika ukoo wetu aliyewahi kufua mashuka ya mama mkwe. Mimi niliwaacha Sengerema waungue na mota zao, nikawa nashinda kwenye kile kigoda.

Kuna jambo nilikuwa nafanya kila mchana, jua likianza kupiga ukutani. Namwambia, "Haya shemeji, umechoka na mdomo wangu. Niondoke?"

Nyekundu.

"Niondoke, ulale?"

Nyekundu.

"Basi, kaa na mimi, mke wa kusingiziwa." Na nilikaa.

Mradi ukafika mwisho wake. Yule binti mtaalamu alikuja kuchukua kofia. Kulikuwa na wagonjwa mahali pengine, na muda wa kuazima ulikuwa umekwisha. Aliomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyetengeneza muda. Mwanangu alimwomba asubiri maji yapate uvuguvugu kwanza, akamvua mama yake kofia, akamwosha jeli, akamchana. Ngozi ya kichwa ilikuwa na alama za duara, nyingi, kama za mvua ya kwanza kwenye mchanga. Shemeji alikuwa bado hai, bado anasikia, homa inapanda na kushuka. Mlango ukafungwa, bajaji ikaondoka na lile sanduku, na nyumba ikawa giza tena kwa sisi tuliosimama barabarani.

Aliishi siku chache baada ya hapo. Nilikuja kila siku. Jua lilipopiga ukuta nilimwambia, "Shemeji, umechoka na mdomo wangu. Niondoke?" Nikamtazama usoni, kisha nikautazama ule mguu juu ya shuka. Hapakuwa na taa yoyote. Nikahesabu kwamba amenipiga teke, nikasogeza kigoda, nikakaa.